Nyoka mmoja au wawili: fimbo ya Asclepius na kaduseo kwenye nembo ya afya

Kwenye mtaa wenye zahanati, maabara na duka la dawa, nyoka hakosekani. Yupo juu ya bango, yupo kwenye mfuko wa dawa, yupo ndani ya muhuri unaogongwa kwenye majibu ya vipimo. Pengine ni mmoja, amejizungusha kwenye fimbo isiyo na pambo lolote. Pengine ni wawili, wanatazamana uso kwa uso, na juu yao yametanda mabawa. Wenye biashara wengi huamini kwamba zote mbili ni "alama ya hospitali", na mchoraji naye huchukua ile iliyotangulia kutokea kwenye simu. Mimi huchora nembo na mabango, na anayekuja kwangu na kazi ya zahanati au famasia namkalisha kwanza nimweleze tofauti. Hizi ni alama za miungu wawili wa Wagiriki wa kale ambao kazi zao hazikukaribiana hata kidogo, na anayeitundika mojawapo mlangoni kwake anawaambia wagonjwa jambo fulani, ajue asijue.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anayetibu watu achukue fimbo yenye nyoka mmoja. Zipo shughuli ambazo kaduseo, yaani ile fimbo ya nyoka wawili na mabawa, ndiyo inayozistahili, na zipo sehemu ambazo nyoka wa aina yoyote atakufukuzia wagonjwa. Ndiyo maana inafaa kuzipima zote kabla ya kulipia uchapaji.

Fimbo ya mganga

Asclepius, katika masimulizi ya Wagiriki, ni mwana wa mungu Apollo aliyelelewa na Chiron, kiumbe nusu mtu nusu farasi, ambaye ndiye aliyemfundisha utabibu. Kwenye Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troy, bado anatajwa kama tabibu wa kibinadamu tu, na wanawe Machaon na Podalirius wako vitani Troy. Mfalme Menelaus anapopigwa mshale, Machaon ndiye anayeitwa. Anauchomoa, ananyonya damu kwenye jeraha, kisha anapaka dawa aliyorithi kwa baba yake. Baadaye Asclepius akahesabiwa kuwa mungu. Inasimuliwa kwamba ustadi wake ulizidi mpaka akafufua wafu, na Zeus, mkuu wa miungu, akampiga kwa radi kwa kuvuka mpaka huo.

Mahekalu yake, ya Epidaurus, Kos na Pergamon, yalikuwa mahali wagonjwa walipokwenda kulala. Mgonjwa alioga, akatoa sadaka, kisha akalala usiku kwenye ukumbi maalumu akingoja ndoto ya tiba, huku nyoka wasio na sumu wakitambaa sakafuni bila kusumbuliwa. Huko Epidaurus yamebaki mawe ya karne ya 4 KK yaliyochongwa habari za waliopona. Habari moja inamhusu mtu aliyekuwa na kidonda kibaya cha kidole cha mguu. Mchana watumishi walimtoa nje wakamkalisha kwenye kiti, usingizi ukamchukua. Nyoka akatoka ukumbini, akakilamba kile kidole, akarudi alikotoka. Mtu yule alipoamka akiwa mzima alisema ameota kijana mwenye sura nzuri akimpaka dawa.

Kisa hiki napenda kuwasimulia wateja wangu kwa sababu kinaonyesha nyoka huyu yupo kwa ajili gani. Hatishi mtu, wala hakuwekwa kama pambo. Yuko chini kabisa, karibu na kidonda, anafanya kazi ya muuguzi.

Warumi nao walimfuata. Mwaka 293 KK tauni ilipoupiga mji wao, wajumbe walitumwa Epidaurus kuomba msaada. Simulizi inasema nyoka wa hekalu alipanda meli mwenyewe, na walipoingia mto Tiber akateremka kwenye kisiwa kilicho katikati ya mto. Hekalu la Asclepius liliwekwa wakfu hapo mwaka 291 KK, na kisiwa hichohicho kina hospitali tangu karne ya 16 mpaka leo.

Kwa nini achaguliwe nyoka na si mnyama mwingine? Sababu waliyoitaja watu wa kale wenyewe ni kujivua gamba: anaacha ngozi kuukuu na kutoka na mpya, kama mgonjwa anayenyanyuka kitandani. Mimi naongeza ya pili, kwamba sumu na dawa hutoka chungu kimoja. Dawa ya kumtibu aliyeumwa na nyoka hutengenezwa kwa kutumia sumu ya nyoka. Kaptopril, kidonge cha presha kinachojulikana sana kwenye famasia zetu, kilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye jararaca, na kikaidhinishwa Marekani mwaka 1981. Mfamasia anayeulizwa na mteja "nyoka anatafuta nini hapa?" ana jibu kwenye rafu yake mwenyewe.

Wapo pia wanaosema yule kwenye fimbo hakuwa nyoka hapo mwanzo, alikuwa mnyoo wa Guinea, ambao tangu zamani hutolewa mguuni kwa kuuzungusha kwenye kijiti kidogo kidogo, siku hata siku, usije ukakatikia ndani. Ni dhana tu, lakini kwetu ina uzito wake, maana ugonjwa huo tumeishi nao: Uganda ilithibitishwa kuwa huru nao mwaka 2009, Kenya 2018, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022.

Fimbo ya mjumbe

Kaduseo ni ya Hermes, na Hermes ana sifa nyingine kabisa. Siku ileile aliyozaliwa aliiba ng'ombe wa Apollo na kuwaswaga kinyumenyume ili nyayo zao ziwapoteze watafutaji. Alipokamatwa akamtuliza mwenye ng'ombe kwa kumpa kinubi alichokitengeneza kwa gamba la kobe, na Apollo akampa fimbo ya dhahabu. Kwa Wagiriki yeye ni mjumbe wa miungu, mlinzi wa wafanyabiashara, wasafiri, wenye ndimi nyepesi, na wezi pia. Msomaji wa Biblia ameshakutana naye: katika Matendo ya Mitume sura ya 14, watu wa Listra wanamwita Paulo Herme kwa sababu ndiye aliyekuwa msemaji.

Nyoka wawili walielezwa baadaye kwa kisa kwamba aliwakuta wakipigana, akaiingiza fimbo kati yao, wakaacha ugomvi na kujizungusha humo. Ni kisa cha upatanisho, na fimbo ya namna hiyo ilibebwa na wajumbe waliotumwa kwa adui ili wasidhuriwe. Mabawa ni ya mwendo wa haraka.

Lakini Hermes ana kazi moja ambayo ndiyo inayonifanya nikatae kuichora alama yake juu ya mlango wa wodi. Kitabu cha 24 cha Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, kinafunguka naye akiwa ameshika hiyo fimbo ya dhahabu, akiziongoza roho za watu waliouawa na Odysseus, shujaa wa utenzi huo, kuzipeleka kuzimu, nazo zinamfuata zikilia kwa sauti nyembamba kama popo pangoni. Kuwasindikiza wafu ni kazi yake rasmi katika dini ya Wagiriki. Asclepius aliuawa kwa kuwarudisha watu kutoka huko. Hermes ndiye anayewapeleka. Mwenye wodi ya wazazi akishalijua hilo, sidhani ataendelea kuitaka kaduseo.

Iliingiaje basi kwenye udaktari? Kwa mlango wa nyuma, kupitia wachapaji. Johann Froben, mchapaji wa Basel wa karne ya 16, aliweka kaduseo kwenye vitabu vyake kama chapa ya kiwanda, na ilimfaa, kwa kuwa Hermes ni mungu wa maneno na biashara. Katika karne ya 19, John Churchill wa London, mchapishaji wa vitabu vya tiba, naye aliitumia, na vitabu hivyo viliuzwa hadi Marekani. Mwaka 1902 kikosi cha madaktari cha Jeshi la Marekani kikaifanya kuwa alama ya sare, na kutoka hapo ikasambaa kwenye hospitali, kampuni za dawa na bima. Chama cha Madaktari cha Marekani chenyewe kilichagua fimbo ya Asclepius mwaka 1912. Shirika la Afya Duniani lilipochagua nembo yake mwaka 1948 lilifanya hivyohivyo: nyoka mmoja, fimbo moja, mbele ya ramani ya dunia ya Umoja wa Mataifa.

Mtafiti Walter Friedlander aliyekusanya nembo 242 za taasisi za afya za Marekani, katika kitabu chake cha 1992, alikuta asilimia 62 ya vyama vya kitaaluma vinatumia fimbo ya Asclepius, na asilimia 76 ya mashirika ya kibiashara yanatumia kaduseo. Madaktari wanapojichagulia wenyewe huelekea upande mmoja, na wauzaji huelekea upande mwingine. Kwangu takwimu hizo zinatosha kuonyesha kila alama inasomwaje na walio ndani ya fani.

Wanaoitetea kaduseo wana hoja mbili nzito, na si haki kuzipita. Ya kwanza ni umri. Katika jumba la Louvre kuna chombo cha jiwe cha Gudea, mtawala wa Lagash huko Mesopotamia, cha zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, kilichochongwa nyoka wawili waliosokotana kwenye mti kwa heshima ya mungu Ningishzida. Nyoka wawili, basi, ni wa zamani kuliko Hermes mwenyewe. Hoja ya pili ni ile ya mjumbe asiyedhuriwa: mganga wa jeshi habebi silaha dhidi ya mtu, kwa hiyo fimbo ya mjumbe inamfaa. Hii ya pili naiheshimu sana, na kama ningetengenezewa beji ya wahudumu wa afya wanaoingia vitani kuokoa majeruhi, ningeitafakari. Kwenye bango la kliniki ya meno haina kazi.

Macho ya anayelisoma bango

Nembo haisomwi na wataalamu wa Ugiriki ya kale. Inasomwa na mama aliyebeba mtoto mwenye homa, na kichwani mwake nyoka tayari ana maana. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na katika vijiji vingi vyetu kuumwa na nyoka ni habari ya mwezi uliopita. Wengine wanamhusisha na uchawi moja kwa moja. Hilo usilipuuze.

Kwa Wakristo, nyoka wa Mwanzo sura ya 3 ndiye anayetangulia kufikiriwa. Lakini Biblia hiyohiyo ina Hesabu 21: Waisraeli wameumwa na nyoka jangwani, Musa anatengeneza nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti, na aliyeumwa akimtazama anaishi. Yohana 3:14 inamfananisha nyoka huyo na Kristo aliyeinuliwa. Kwa hospitali ya kanisa, fimbo ya nyoka mmoja hupokelewa vizuri kwa sababu waumini huiona kama ile ya Musa, hata kama haikutoka huko. Nyoka wawili wenye mabawa hawana pa kushikia katika Maandiko. Angalizo moja: 2 Wafalme 18:4 inasema mfalme Hezekia alimvunjavunja yule nyoka wa shaba kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Mchungaji akikuambia hataki sanamu ya nyoka mlangoni, ana andiko lake, na afadhali umchoree kitu kingine kuliko kubishana.

Kwa Waislamu hali ni nyingine kidogo. Katika Qur'ani, aliyemshawishi Adam ni Shetani, na nyoka hatajwi katika kisa hicho. Nyoka anatokea kwenye fimbo ya Musa, katika sura ya Al-A'raf na Taha, kama muujiza mbele ya Firauni. Kwa hiyo fimbo yenye nyoka si picha ngeni. Kinachoweza kuleta neno ni kusema kwamba ni alama ya mungu wa Kigiriki, na wapo wateja wa pwani waliochagua hilali au jani la mwarobaini kwa sababu hiyo. Uamuzi huo nauona wa busara.

Usukumani nyoka na dawa ni mambo yaliyozoeana tangu zamani. Chama cha Bayeye, wacheza ngoma na nyoka, kinajulikana kwa ujuzi wa kuwashika nyoka na kutibu walioumwa, na urithi huo unaelezwa kwenye makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza. Kama kituo chako kiko kanda ile, nyoka mmoja kwenye fimbo hahitaji mtafsiri.

Kikombe cha Hygieia

Duka la dawa lina alama yake, nayo ni nyoka aliyejizungusha kwenye kikombe au bakuli, akiinamia kunywa. Ni ya Hygieia, binti wa Asclepius, aliyetajwa pamoja na baba yake mwanzoni mwa kiapo cha Hippocrates, kiapo cha kale cha madaktari. Wafamasia wa Ulaya wameitumia tangu karne ya 18, na ukifika Ujerumani utaiona ndani ya herufi A nyekundu mbele ya kila famasia. Mwenye famasia akiniuliza, namwambia achukue hii bila kusitasita: inasema dawa, inamtofautisha na zahanati ya jirani, na watu wakikiona kile kikombe wanaelewa haraka kwamba hapa kuna kitu cha kunywa.

Kwenye karatasi na kwenye bati

Nembo ya afya haitaishi kwenye bango peke yake. Itaingia kwenye muhuri wa mpira usiozidi ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, na huko ndiko kaduseo inakovunjika. Nyoka wawili wanapishana mara tatu au nne juu ya fimbo, na kila wanapopishana pana tundu dogo jeupe. Wino ukikolea matundu yanaziba, manyoya ya mabawa yanagandamana, na kinachobaki kwenye karatasi ni doa lenye masikio. Fimbo ya Asclepius, ukiichora kwa mistari minene na mizunguko miwili na nusu, inasomeka hata muhuri ukiwa umechakaa. Vilevile kwenye koti: fundi wa kudarizi atakuchoreshea nyoka mmoja kwa uzi wa rangi moja, ilhali mabawa yatamlazimu atumie rangi mbili au yaonekane kama majani.

Mambo matatu ya kuepuka, haya ni ya sheria. Nembo ya Shirika la Afya Duniani usiinakili, hata ukibadilisha rangi. Haitumiki bila ruhusa yao. Msalaba mwekundu kwenye usuli mweupe unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, nao si wa zahanati binafsi, japo umezagaa kila kona. Anayetaka msalaba auweke wa kijani. Na ile nyota ya bluu yenye ncha sita na fimbo ya Asclepius katikati, ambayo huonekana kwenye magari ya wagonjwa, ilibuniwa Marekani mwaka 1973 kwa ajili ya huduma za dharura. Ilizaliwa kwa sababu hiyohiyo, Msalaba Mwekundu ulipolalamikia matumizi ya alama yake. Kituo kisicho na gari la wagonjwa wala huduma ya dharura kisiivae.

Nani achukue ipi

Zahanati, kituo cha afya, hospitali, kliniki, chama cha madaktari au wauguzi na wanafunzi wa tiba: fimbo ya nyoka mmoja. Daktari wa mifugo: hiyohiyo, mara nyingi ikiwa na herufi V. Famasia na duka la dawa muhimu: kikombe cha Hygieia. Maabara hapa haina haja ya nyoka kabisa, darubini inajieleza.

Kaduseo iende kwa wenyewe. Kampuni ya uwakala wa forodha, chuo cha biashara, chama cha wahasibu, kampuni ya usafirishaji wa vifurushi: hawa wanaibeba kwa haki, na forodha ya China inayo kwenye nembo yake, imepishana na ufunguo. Msambazaji wa vifaa tiba kwa jumla yuko katikati. Anauza, hatibu, na akiichagua kaduseo sitamzuia, ila nitamkumbusha kwamba wanunuzi wake ni madaktari, na baadhi yao wanaijua tofauti.

Na palipo na hofu ya kweli ya nyoka, mkono ulioshika mtoto, jani, moyo au tone la damu vitafanya kazi vizuri zaidi kuliko alama yoyote ya Kigiriki. Hilo nalisema nikiwa naipenda fimbo ya Asclepius kuliko alama zote.

Ambaye tayari ana kaduseo kwenye zahanati yake hana haja ya kushusha bango leo. Aanze na muhuri na karatasi za barua, vinavyochapwa upya mara kwa mara, kisha makoti, na bango la nje libadilishwe rangi yake itakapopauka. Kwa fundi apeleke maelezo mafupi: nyoka mmoja, kichwa juu, fimbo ndefu yenye vifundo, hakuna mabawa. Kama hakuna mchoro wa kumwonyesha, alama yenyewe iko kwenye kibodi ya simu: ⚕ ni ya Asclepius, ☤ ni kaduseo. Amtumie ile ya kwanza.